Kurudi kusoma MBA ukiwa Mwanza baada ya miaka mingi nje ya darasa: mwongozo kamili

Nilimaliza digrii 2011, nikarudi darasani 2023. Hapo katikati ni miaka 12 ya kazi ya mikopo, nimeanza kama afisa wa kuzunguka na wateja mpaka nikasimamia tawi dogo huku Buzuruga, nimeolewa, nimezaa wawili, na kusoma kwa ajili ya mtihani sikusoma hata siku moja. Tangu nimalize masta (hiyo MBA, masta ya usimamizi wa biashara) watu wananiuliza swali lile lile, mdogo wangu wa Igoma, mwenzangu wa kazini zamani, kaka mmoja anauza spea pale Mlango Mmoja, wote wanasema "natamani kurudi ila naona kichwa kimelala". Basi naandika yote hapa kwa mpangilio ambao mimi ningependa kupewa, kuanzia siku unapata wazo mpaka siku unachukua cheti.

Hilo la kichwa kulala mi silikubali kabisa. Afisa anayekumbuka wateja wake na tarehe zao za rejesho bila kufungua daftari, mama anayesimama Mwaloni Kirumba, pale soko la dagaa na samaki, anapiga bei ya gunia la dagaa, nauli na hasara ya njiani papo hapo kwa kichwa, hao kichwa kinafanya kazi kila siku. Kilichopotea ni mazoea ya kukaa chini ukasoma kitu kigumu bila kunyanyuka. Na mazoea hayo inabidi uyarudishe KABLA hujalipa ada. Wengi tunafanya kinyume, tunalipa kwanza alafu tunaanza kujizoesha tukiwa tayari tuna asainmenti nne mezani, hapo ndo mtu anakata tamaa mwezi wa pili na hela imeshaenda.

Hatua ya 1: Hakikisha unachotaka ni masta

Hii ni fupi ila usiiruke. Kama wewe ni mhasibu na unataka siku moja kusaini hesabu za ukaguzi, MBA haitakupa hiyo saini, hiyo inaanzia NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, kwa mitihani yao ya CPA. Kama uko kwenye manunuzi na ugavi, waajiri wengi watakuuliza kwanza usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. MBA inakufaa zaidi kama umeshakuwa na fani yako na sasa unasimamia watu, bajeti, tawi, au unaendesha biashara iliyokua kuliko unavyoielewa. Nimeona mtu amesoma miaka miwili akaja kugundua nafasi aliyokuwa anaitaka ilikuwa inadai CPA, ni maumivu ambayo ungeyaepuka kwa kusoma tangazo la kazi moja tu la ile nafasi unayoiota. Tafuta matangazo matano ya kazi hiyo, soma sehemu ya sifa, alafu ndo uamue.

Hatua ya 2: Makaratasi, na anza leo

Hapa panakula muda kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji cheti cha digrii, transkripti, vyeti vya form four na form six (au diploma), cheti cha kuzaliwa, na majina ya watu wawili watatu wa kukudhamini kitaaluma. Yote yanasikika mepesi mpaka uyatafute.

Jina ndo tatizo la kwanza, hasa kwa sisi akina dada. Cheti cha form four kina majina matatu, digrii ina mawili, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, kuna herufi moja cheti cha kuzaliwa kimeandika L mahali pa R. Mimi langu lilikuwa hivyo hivyo. Weka vyeti vyote mezani kimoja kimoja, soma jina herufi kwa herufi kwa kidole, siyo kwa macho tu kwa sababu macho yanasoma unachokijua. Ukikuta tofauti nenda kwa wakili upate hati ya kiapo ya majina, au kama ulibadilisha jina kabisa ufanye hati rasmi ya kubadili jina isajiliwe. Usisubiri chuo kikuambie, maana watakuambia dirisha la maombi likiwa limebaki siku tatu.

Cheti kikipotea unaanza polisi kwa taarifa ya upotevu, alafu unafuata utaratibu wa NECTA (baraza la mitihani) kama ni cha sekondari au wa chuo chako kama ni cha digrii. Hii ni kazi ya wiki nyingi, usiihesabu kwa siku. Digrii yako ikiwa ya nje ya nchi, unahitaji TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, waitambue kwanza.

Transkripti usiangalie tu kama ipo, angalia GPA. Kwa mfumo wetu wa alama 5, lower second inaanzia 2.7 na upper second inaanzia 3.5, na vyuo vingi kwa masta wanataka angalau lower second. Kama ulitoka na pass usikunje roho, njia iliyozoeleka ni kusoma kwanza stashahada ya uzamili ukifaulu vizuri unaingia masta. Inaongeza muda ila ni mlango uliowazi, na kwa mtu aliyekaa nje muda mrefu ni sehemu nzuri ya kurudisha mazoea vilevile.

Alafu wadhamini. Baada ya miaka 12 mhadhiri wako wa zamani anaweza kuwa amestaafu, amehama au hakukumbuki kabisa, na hiyo siyo dharau, amefundisha watu wengi. Mimi nilimwandikia mmoja hivi: "Shikamoo Dokta. Mimi nilikuwa mwanafunzi wako wa fainansi, nilimaliza 2011, risechi yangu ulinisimamia wewe, ilihusu vikundi vya akina mama wanaokopeshana. Sasa nafanya kazi ya mikopo Mwanza na naomba kujiunga na MBA. Naomba kama utaridhia uwe mdhamini wangu, nimeambatanisha transkripti na wasifu wangu wa kazi." Alijibu siku ya pili. Ule mstari wa risechi ndo uliomkumbusha. Kwa mdhamini wa kazini omba mapema mno, ofisi niliyokuwa nafanya wakati ule barua yangu ilikaa kwenye faili la mtu wiki sita, kila nikiuliza naambiwa "bado iko kwa bosi", na nilikaribia kukosa dirisha kwa sababu ya karatasi moja.

Hatua ya 3: Chagua chuo kwa miguu

Mwanza siyo lazima uhame kwenda Dar. SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) wako Malimbe, Chuo Kikuu Huria wana kituo chao hapa mkoani, na IFM (usimamizi wa fedha), CBE (elimu ya biashara) na TIA (uhasibu) wote wana kampasi Mwanza. Maombi ya masta unapeleka chuoni moja kwa moja, hayapitii TCU, ila kwa TCU (au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa taasisi ambazo siyo vyuo vikuu) ndo unakohakikisha kwamba programu ile imeidhinishwa. Swali la kuuliza siyo "mna MBA?" maana watasema ndio. Uliza hivi: hiyo MBA inafundishwa kampasi HII ya Mwanza au ni ya makao makuu? Mwaka jana darasa lilikuwa na watu wangapi? Vipindi ni jioni, wikiendi au vinakuja kwa mkupuo? Mhadhiri anatoka hapa au anasafiri, na asipokuja inakuwaje? Kuna tasnifu, yaani kitabu cha utafiti wako mwenyewe, au kuna kazi mradi tu?

Nenda mwenyewe. Tena nenda saa ile ile ambayo vipindi vinafanyika. Ukiwa unakaa Kishiri alafu kipindi kinaanza saa 11 jioni Malimbe, panda daladala siku ya kazi kabisa uone unafika saa ngapi, na usiku ukitoka unapata gari gani ya kukurudisha. Nilifanya hivyo Jumanne moja nikagundua njia niliyokuwa naipangia inanila masaa mawili kwenda na kurudi, kwa wiki mara tatu ni masaa sita, hayo ni masaa ya kusoma. Walioko Sengerema na Geita saivi mambo yamerahisika, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mtu hasubiri tena kivuko, ila bado ipime safari kwa mwili wako mwenyewe, mara mbili.

Kama kazi yako inakusafirisha sana, masomo ya masafa ya Chuo Huria ni ya kweli na yamesaidia wengi, chuo chenyewe kilianzishwa 1992 kwa ajili ya hiyo kazi. Ila ujijue: hakuna mtu wa kukuuliza jana umesoma nini. Mimi nilijijua nahitaji kuonana na watu, nikachagua darasa.

Hatua ya 4: Hesabu masaa kabla ya hela

Masta kwa utaratibu wa TCU ina angalau krediti 180, na krediti moja ni kama masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, kusikiliza, kusoma, kuandika, vyote. Hiyo ni masaa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18, ni wiki kama 78, gawanya unapata masaa 23 kwa wiki. Ukienda miaka miwili inashuka kama masaa 17. Sasa chukua karatasi uchore wiki yako, siku saba, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 5 usiku, ujaze unachofanya kweli na siyo unachotamani. Mimi nilipochora nikakuta nina masaa tisa tu. Tisa! Na mengi yalikuwa Jumapili.

Basi hapo ndo mazungumzo ya nyumbani yanapoanzia, ukiwa na ile karatasi mkononi. Nilikaa na baba watoto nikamwonyesha viboksi, sikusema "naomba unisaidie" kwa sababu hilo halina maana yoyote, nilisema Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku watoto ni wako, chakula kitakuwa kimeshapikwa au atapika dada, homwiki ya mkubwa utaiangalia wewe. Akakubali kwa sababu aliona mwisho wake, miezi 18, tarehe imeandikwa. Mama mkwe nilimwendea mwenyewe Magu na nikamweleza kwa heshima kabla hajasikia kwa watu, maana akija kukuta mkwe hayupo nyumbani usiku bila kujua sababu, maneno yatakuwa mengine.

Na misiba, harusi, kamati, vikao vya ukoo. Sisi wa huku hatuwezi kusema hatuendi, na sishauri usiende, kesho na wewe utazikwa na hao hao. Nilichofanya ni kwenda kwenye msiba siku ya kuzika na kutoa mchango wangu kamili mapema, ila kukesha siku tatu nikaacha, na kwenye kamati za harusi nikawa natuma mchango bila kukaa kikao. Wapo walionuna. Wengi waliponiona naenda na daftari wakaelewa.

Hatua ya 5: Hela

Ada utaipata kwenye fomu ya chuo na unalipa kwa kontroli namba, mara nyingi kwa awamu. Ila ada siyo gharama yote. Weka nauli ya vipindi, bando, laptopu ikifa katikati (yangu ilikufa semista ya pili), kuprinti, michango ya kazi za makundi, safari za kukusanya data, kubaindi tasnifu, joho. Mi nilinunua counter book nikaandika kila shilingi kwa miezi miwili kabla ya kuanza, kuona inatoka wapi.

Kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya digrii ya kwanza, kumbuka mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukitaka kukopa benki kwa ajili ya ada, hilo kato liko tayari pale, na mtumishi wa umma lazima abaki angalau na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote, kwa hiyo piga hesabu ya kinachobaki kabla hujafika dirishani. Mwajiri akikubali kukulipia, soma ule mkataba unaosema utamtumikia miaka mingapi baada ya kumaliza na ukiondoka unarudisha kiasi gani. Hata asipolipa chochote, ruhusa yake iwe kwa MAANDISHI. Bosi anayekuambia "we nenda tu tutaona" anaweza kuhamishwa mwezi ujao.

Kitu kimoja naomba sana, kama una biashara usitoe mtaji ulipe ada. Toa faida. Nimewaona wateja wangu kazini, mtu anachota mtaji wa duka kwa sababu njema kabisa na duka halinyanyuki tena, alafu masomo nayo yanakwama kwa kukosa ada ya awamu ya pili. Bora uchelewe mwaka mmoja.

Hatua ya 6: Miezi mitatu ya kurudisha mazoea

Hii ndo hatua ambayo ukinifuata hata hii moja tu nitafurahi.

Mwezi wa kwanza, kaa dakika 25 kila siku, saa ile ile, kiti kile kile, simu iko chumba kingine. Mimi ilikuwa saa 11 alfajiri mezani jikoni, watoto wamelala, naisikia adhana ya mbali na bodaboda za kwanza. Siku ya kwanza nilisoma kurasa mbili na aya moja niliirudia mara nne bila kuielewa. Siku ya tisa nilimaliza kurasa saba. Usiongeze dakika mpaka hizo 25 ziwe nyepesi, alafu pumzika kidogo uongeze 25 zingine. Mwisho wa mwezi nilikuwa nakaa saa moja na nusu bila kunyanyuka, jambo ambalo mwanzo ningesema haliwezekani.

Usome nini? Usianze na kitabu kikubwa cha nadharia. Anza na vitu vya kweli vya hapa kwetu ambavyo viko kwa Kiingereza, maana masomo yatakuwa kwa Kiingereza na Kiingereza cha kusoma nacho kinashika kutu hata kama ofisini unakiongea. Ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa la Dar ziko bure kwenye tovuti zao, NMB waliingia sokoni 2008, CRDB 2009, chukua moja usome barua ya mwenyekiti, alafu mizania, alafu yale maelezo ya chini ya hesabu. Benki zote pia zinatoa hesabu za kila robo mwaka kwenye magazeti, ukurasa mmoja tu, kata huo ukurasa ubandike ukutani.

Na ukubali kwamba vitu vimebadilika ukiwa haupo. Ukisoma uhasibu zamani, pango la ofisi lilikuwa gharama ya mwezi basi, kuanzia Januari 2019 kwa viwango vya kimataifa mikataba mingi ya pango ya zaidi ya mwaka inaingia kwenye mizania ya mpangaji, kama mali na kama deni. Benki Kuu kuanzia Januari 2024 inaendesha sera kwa riba yake, ilianza na asilimia 5.5, sisi tulisoma habari za kudhibiti wingi wa fedha. Tulipomaliza digrii malipo ya simu yalikuwa machanga, leo ni nusu ya mada za darasa. Usione aibu kufundishwa upya vitu ulivyopata A.

Mwezi wa pili ni hesabu. Wengi hapa ndo pana hofu, na naelewa. Anza na hesabu ya kitu unachokijua. Mimi nilianza na mkopo wa ofisini kwetu, nikauandika kwenye karatasi: 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi ya flati. Riba 36,000, mtaji 100,000, rejesho 136,000 kila mwezi. Miaka yote nilikuwa namwambia mteja "ni asilimia 3 tu mama". Sasa ukishuka mpaka mwezi wa 12, mteja amebakiwa na mtaji wa 100,000 lakini bado anatozwa 36,000, kama vile bado anadaiwa ile 1,200,000 nzima. Ukiandika kwenye Excel =RATE(12,-136000,1200000) inakupa kama 0.051, yaani kwenye deni linalopungua mteja analipa karibu asilimia 5.1 kwa mwezi. Nilikaa kimya pale mezani muda mrefu, nikawa nawaona akina mama wa mwaloni niliowaandikia hayo makaratasi kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo mteja wangu kabla ya kusaini namwonyesha jumla atakayolipa, namwandikia kwa kalamu. Na ile somo la thamani ya fedha kwa muda, ambalo digrii nililikariri, safari hii liliniingia, na mtihani wake sikuhitaji kukariri chochote.

Fanya hivyo na chochote cha kwako. Muuza spea ana stoki, anaweza kujifunza takwimu kwa mauzo yake ya miezi sita, wastani, mtawanyiko, msimu. Mwenye bajaji ana uchakavu mbele yake kila siku. Ukishaona namba zako zinaongea, za kitabuni hazikutishi.

Mwezi wa tatu ni kuandika na kompyuta. Kila Jumamosi andika kurasa mbili kwa Kiingereza kuhusu ulichosoma wiki hiyo, na kila wazo ulilotoa mahali useme umetoa wapi. Zamani tulikuwa tunaandika marejeo mwisho kwa kubahatisha, saivi kazi zinapita kwenye Turnitin inaonyesha ulichonakili. Jifunze Zotero, ni ya bure, inakutunzia marejeo na kukupangia kwa mtindo chuo kinaoutaka. Jifunze kutafuta makala kwenye Google Scholar. Na hizi programu za akili bandia, zitumie kukueleza dhana ngumu ukikwama, ila usikabidhi asainmenti yako, kwanza zinatunga marejeo ambayo hayapo, pili utabaki na kichwa kile kile ulichoingia nacho, wakati ndicho ulichokuja kukinoa.

Hatua ya 7: Semista ya kwanza

Kaa mbele. Darasa langu wengi walikuwa wametoka digrii juzi, wananiita "mama" au "madam", na mwanzo nilijitenga. Nilikosea wiki tatu nzima. Wao walikuwa wepesi kwenye kompyuta na nadharia, mimi nilijua tawi linavyofungwa jioni hesabu isipokaa sawa, na tulipoanza kusoma pamoja Jumamosi kila mtu akapata alichokosa. Ukichangia darasani leta kisa cha kazini, ila kifupi, alafu kiunganishe na mada, maana sisi wa kazini tuna tabia ya kuhadithia mpaka kipindi kinaisha.

Kazi za makundi gawaneni siku ile ile, majina na tarehe kwenye kundi la WhatsApp, na tarehe yenu ya ndani iwe siku nne kabla ya ile ya mwalimu. Umeme ukikatika ile jioni ya mwisho mtanishukuru. Ukifeli jaribio la kwanza, nenda na karatasi kwa mhadhiri, "shikamoo Dokta, naomba unionyeshe nilipopotea", wengi wanafurahi kumwona mtu mzima amekuja kuuliza.

Hatua ya 8: Tasnifu, hapa ndo wengi wanabaki

Watu wanamaliza masomo yote alafu tasnifu inawakalia miaka. Dawa yake ni kuanza kufikiria mada semista ya KWANZA na kuchagua kitu ambacho tayari unakigusa kila wiki. Mimi kazini nilikuwa naona wateja wa Igombe na Kayenze wanaofanya dagaa wanachelewa rejesho wiki fulani fulani, alafu wanakaa sawa, alafu wanachelewa tena. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, na sisi tulikuwa tunawadai kila wiki sawasawa kama mtu wa duka. Hilo likawa swali langu: ratiba ya rejesho ikifuata mwezi wa angani, uchelewaji unakuwaje? Sikwenda mbali kulitafuta.

Maswali ya hivyo huku ziwani yamejaa. Zile biashara zilizokuwa zinaishi kwa foleni ya kivuko pale Kigongo zimehamia wapi baada ya daraja? Mwanamke anayeanika dagaa kwenye kichanja anapata bei gani ukilinganisha na anayeanika mchangani? Mabondo, vile vibofu vya ndani ya sangara, yanapangwaje bei na nani anaifahamu? Angalia tu kama data unaweza kuifikia kwa nauli yako na muda wako.

Kibali kianze mapema, barua ya chuo inakwenda kwenye mamlaka za mkoa na halmashauri mpaka ufike kwa mtendaji na viongozi wa mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki), usiruke ngazi. Ukitumia taarifa za wateja wa ofisi yako, omba ruhusa ya maandishi na uondoe majina, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na ina meno. Na nenda mwaloni wakati wa mbalamwezi, wakati wa giza hakuna mtu ana muda wa dodoso lako, ila siku za mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanakaa chini ya mti, utapata mazungumzo marefu mpaka mengine hukuyauliza. Wasalimie vizuri, usitoe karatasi kabla hujakaa. Mama mmoja Kayenze aliniambia "mwanangu, funga kwanza hicho kitabu, kula samaki", na majibu yake ndo yaliyoijaza sura yangu ya nne.

Supavaiza anasimamia watu wengi, usikae kimya ukisubiri. Kila baada ya wiki mbili tuma ujumbe: "Shikamoo Dokta, nilituma sura ya pili tarehe 4, naendelea na sura ya tatu, naomba nije Alhamisi saa 8 kama utakuwepo." Uende na karatasi iliyochapishwa na kalamu. Akikosoa, andika kila alichosema, alafu ukirudi umpe orodha ya ulichorekebisha na ukurasa gani. Yangu ilienda haraka zaidi tangu nianze hiyo orodha.

Baada ya kutetea utapewa marekebisho. Yafanye wiki hiyo hiyo, kabla kichwa hakijapoa na kazi haijakumeza, alafu baindi, kusanya sahihi za kliarensi (za kuthibitisha hudaiwi kitu chuoni), lipa joho. Na pale wanapokuletea fomu ya kuthibitisha jina litakaloandikwa kwenye cheti, toa tena vile vyeti vyote vya zamani, uvipange mezani, na usome kwa kidole, herufi kwa herufi, kabla hujasaini.